Injini imetoka ovaholi na bado inakula oili: pima kabla hujaishusha tena

Hakuna kinachomkata fundi maini kama hiki. Injini imetoka ovaholi, yaani imefunguliwa yote, ikatengenezwa na kufungwa upya vizuri, imewaka bila kusumbua, mwenye gari ameondoka anacheka. Siku ya nne huyo anarudi: stiki ya oili imekauka na nyuma ya gari kuna wingu la bluu. Hapo kila aliyesimama karibu ana jibu lake. Mmoja anasema ringi, yaani pete za chuma zinazozunguka pistoni, mwingine sili za valvu, zile raba zinazozuia oili isishuke kwenye shina la valvu, wa tatu anamlaumu aliyechonga silinda. Na kwa kuwa mafundi wengi tunajua kufungua kuliko kupima, injini inashushwa siku hiyo hiyo.

Mimi nasema isishushwe kwanza. Njia nitakayoeleza inaanzia kwenye vipimo visivyohitaji hata spana na inamalizikia kwenye kufungua. Jambo moja naliweka mezani mapema, maana ndilo linalopoteza watu wengi: geji ya kompresheni, ile inayopima mgandamizo ndani ya silinda, haiwezi kuisemea ringi ya oili, yaani ringi ya tatu inayokwangua oili ukutani. Nitalirudia mbele, na nitaeleza lilivyoniumbua.

Hatua ya 1: Hakikisha oili inaungua kweli

Oili inayopungua si lazima iwe inaungua. Baada ya ovaholi kila gasketi na kila sili imeguswa, kwa hiyo uvujaji unawezekana popote. Futa injini ikauke, endesha kilomita kama 20, kisha laza kipande cha katoni safi chini ya gari usiku kucha. Angalia sili ya nyuma ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), swichi ya oili, kiti cha filta na kingo za kifuniko cha valvu. Tone dogo linalodondokea ekzosi yenye moto hutoa moshi na harufu ile ile, na dereva ataapa kwamba injini inaunguza.

Kipo pia cha kinyume: oili iliyozidi. Ikipita alama ya juu sana, krenki inaanza kuichapa na kuipiga povu, na povu hilo hufyonzwa na njia ya kupumulia hadi kwenye manifodi, bomba linaloingiza hewa kwenye silinda. Filta mpya nayo hunywa sehemu ya oili injini inapowaka mara ya kwanza. Basi washa, zima, subiri dakika 10, ndipo usome stiki gari likiwa mahali tambarare.

Moshi wa saa za mwanzo usikutishe. Oili uliyopaka kwenye pistoni na kuta wakati wa kufunga lazima iungue. Na kama injini ilikuwa inakula oili kabla ya ovaholi, ekzosi ya zamani imelowa ndani, hivyo itaendelea kufuka hadi ikauke. Hapa usikae ndani ya gereji iliyofungwa milango. Toa gari nje, kwa sababu ndani ya hewa ya ekzosi kuna gesi inayoua bila harufu ya kukuonya.

Hatua ya 2: Pima kwa lita

"Inakula sana" si kipimo. Jaza oili hadi alama ya juu, andika kilomita zilizopo kwenye dashibodi, endesha kilomita 500, kisha rudisha oili kwenye alama ile ile kwa chombo chenye mistari ya mililita. Kiasi ulichoongeza ndicho kilicholiwa. Pima kila mara mahali pale pale na injini ikiwa katika hali ile ile ya joto, la sivyo utajidanganya kwa robo lita bila kujua.

Wapo watengenezaji wa magari wanaokubali hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 na kuiita hali ya kawaida. Kwangu mimi hicho ni kiwango cha kujikinga na madai ya wateja. Injini iliyofungwa vizuri na ikakaa sawa hula pungufu ya hapo kwa mbali. Lakini kwa injini mpya namba moja haitoshi, unatafuta mwelekeo. Ikila mililita 600 katika kilomita 500 za kwanza, 300 katika zinazofuata, kisha 100, ringi zinakaa, iache. Ikila 600, 600, 600, kuna kitu, na hakitajirekebisha chenyewe.

Hatua ya 3: Jiulize gari limeendeshwaje tangu liwake

Ringi haibani ukuta wa silinda kwa nguvu yake peke yake. Kinachoisukuma hasa ni gesi ya mlipuko inayopenya nyuma yake na kuikandamiza ukutani. Ukuta uliopigwa jiwe vizuri, yaani uliosuguliwa kwa jiwe la kunolea silinda, una mistari inayokatana kama wavu. Ncha za mistari hiyo zinatakiwa zisagwe na ringi, na mabonde yake yabaki yakishika oili. Kazi hiyo hufanyika zaidi katika saa chache za mwanzo, na inahitaji mzigo.

Sasa fikiria mwenye gari aliyeambiwa "liendeshe taratibu, injini bado mpya". Analiacha kwenye sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, nusu saa kila asubuhi, kisha anatembea kama anabeba mayai. Gesi haina nguvu, ringi haibanwi, oili inabaki ukutani na kuokwa hadi ukuta unakuwa kioo. Ukishakuwa kioo, ringi inateleza juu yake na oili inapita. Huruma ndiyo iliyoharibu.

Kama gari halijavuka kilomita 1,500 hivi, lipe nafasi kabla ya kulihukumu. Injini ikishapata joto lake kamili, nenda kwenye barabara iliyo wazi. Ukiwa gia ya 3 au ya 4 na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta kama robo tatu hadi ufike 80 au 90, kisha achia kabisa na ubaki kwenye gia hadi mwendo urudi 50. Rudia mara 10 hadi 15. Unapokanyaga, gesi inabana ringi. Unapoachia, mvuto wa manifodi unapandisha oili kidogo kuja kupoza ringi na kusafisha unga wa chuma. Usivutie trela na usipige resi gari likiwa limesimama. Oili na filta ya mwanzo vibadilishwe mapema, ndani ya kilomita 500, kwa sababu vimebeba huo unga.

Kuna watu watakushauri uweke oili nzito zaidi au dawa ya chupa. Moshi utapungua wiki mbili, na wewe utakuwa umepoteza ushahidi. Wapo pia wanaomwaga unga wa kusugulia masufuria kwenye njia ya hewa ili "kukwaruza kioo". Unga huo ukishuka kwenye oili unasaga beringi za krenki uliyotoka kuichonga.

Hatua ya 4: Soma moshi unatoka lini

Rangi kwanza. Bluu ni oili. Mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya rejeta, nao una mwongozo wake mwingine. Mweusi ni mafuta yaliyozidi. Kama gari lina katalisti, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, inaweza kuuficha moshi wa bluu na oili ikaendelea kupungua, kwa hiyo ukosefu wa moshi haukanushi namba za hatua ya 2.

Dereva haoni moshi wake. Weka mtu kwenye gari la nyuma, au rekodi kwa simu, kisha jaribu hali nne.

Asubuhi, baada ya kulala usiku mzima: pafu moja la bluu linalopotea ndani ya dakika moja. Oili imedondoka usiku kupitia shina la valvu. Sili, au bushi inayoongoza hilo shina.

Baada ya dakika 10 za sailensa, kanyaga ghafla. Wingu likitoka mara moja kisha likaisha, bado ni upande wa valvu.

Kwenye mteremko mrefu ukiwa ndani ya gia bila kukanyaga, halafu ukanyage ukifika chini. Wakati wa kushuka, injini ya petroli inavuta kwa nguvu kama sindano ya daktari. Wengi husema wingu hapa ni sili tu. Mimi sikubali moja kwa moja, kwa sababu mvuto huo huo hupandisha oili kupitia ringi ya oili iliyokosea. Sili ni mshukiwa wa kwanza, si mfungwa.

Ukipanda mlima na mzigo, moshi usiokoma: ringi na kuta za silinda, au gesi inayopita ringi na kubeba oili kupitia njia ya kupumulia.

Kwa injini za dizeli jaribio la mteremko lina uzito mdogo, kwa sababu nyingi hazina mvuto mkubwa kwenye manifodi. Huko anza na turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini: fungua bomba la hewa linalotoka turbo uone kama kuna oili iliyotuama, na hakikisha bomba la kurudisha oili kwenye sampu (trei ya oili chini ya injini) halijazibwa na silikoni wala kukunjwa. Na dizeli inayofyonza oili nyingi inaweza kupaa resi yenyewe na isizimike hata ukitoa ufunguo. Ikitokea, ziba mlango wa hewa kwa ubao bapa, kamwe si kwa mkono.

Hatua ya 5: Njia ya kupumulia, kabla ya kitu kingine chochote cha kufungua

Hapa ndipo napenda watu wapoteze muda, kwa sababu ndipo wanapopaharakia. Kila injini ina njia ya kutolea gesi zinazopita ringi na kukusanyika kwenye chemba ya krenki. Kwenye nyingi za petroli kuna valvu ndogo, PCV, inayozirudisha kwenye manifodi ziungue. Njia hii ikikosewa, injini inakunywa oili yake kwa mrija na ringi zako ni nzima kabisa.

Ovaholi inaiharibu kwa namna za ajabu. Kibati cha ndani ya kifuniko cha valvu, kile kinachozuia matone ya oili yasifike kwenye PCV, kimeondolewa wakati wa kuosha na hakikurudi. Au gasketi ya kifuniko imeziba tundu. Au PCV mpya inafanana na ya zamani kwa sura, lakini springi yake ni ya injini nyingine.

Chomoa PCV uitikise. Isiyolia ndani imekwama. Kisha fanya jaribio lenye jibu: toa paipu ya PCV kwenye manifodi, ziba tundu la manifodi kwa kizibo kinachobana, na uelekeze paipu kwenye chupa iliyofungwa wima, mdomo wake ukiwa na kitambaa ili ipumue. Endesha kilomita 50. Moshi ukikoma, umempata. Oili ikijaa kwenye chupa, uliza ni kwa nini: kibati hakipo, au gesi inayopita ringi ni nyingi mno. Hali hiyo ni ya jaribio tu. Usimwachie mteja gari hivyo.

Kwa injini za V kuna mtego mwingine. Gasketi ya manifodi ya hewa ikikosa kukaa upande wa chini, manifodi hufyonza oili kutoka bondeni katikati ya injini, na vipimo vyote vya silinda vitatoka safi. Ziba PCV na matundu yote ya kupumulia, washa injini, weka kiganja kwenye mdomo wa kujazia oili. Kiganja kikivutwa ndani, gasketi hiyo ndiyo inayovuta.

Hatua ya 6: Chomoa plagi, usizichanganye

Zipange mezani kwa namba za silinda. Moja imelowa, nyingine kavu? Shida ni ya silinda hiyo, si ya mfumo mzima, na PCV inaanza kuondoka kwenye orodha. Zote zimelowa? Fikiria kosa lililorudiwa kila mahali: kuta zilizopigwa jiwe vibaya, ringi zilizogeuzwa, sili za namba tofauti. Plagi iliyolowa upande mmoja tu, ule unaotazama valvu ya hewa, inanong'oneza habari za sili.

Ukiweza kupata kamera ndogo ya kupitisha kwenye tundu la plagi, angalia uso wa pistoni. Oili inayopanda kupitia ringi huosha kaboni kwenye ukingo, ukabaki mduara wa chuma kisafi. Inayoshuka kutoka kwenye valvu huacha dimbwi au ukoko mzito upande wa valvu hiyo. Shusha pistoni uone pia ukuta: wavu wa mistari bado upo, au umekuwa kioo, au kuna mkwaruzo wa wima?

Hatua ya 7: Kompresheni, na uongo wake

Injini iwe na joto, betri imejaa, plagi zote zimetoka, mafuta na umeme wa plagi vimekatwa, na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Zungusha hadi geji isipande tena. Petroli nyingi husoma kati ya psi 150 na 200 (psi ni kipimo cha shinikizo). Kitabu cha injini ndiyo hakimu. Muhimu zaidi ni tofauti kati ya silinda, isizidi asilimia 10 hadi 15. Iliyo chini mwagie kijiko kidogo cha oili na upime tena: ikipanda, ringi za juu, isipopanda, valvu au gasketi ya hedi (kichwa cha injini chenye valvu).

Sasa ile hadithi. Injini ya kwanza niliyoifunga bila fundi aliyenifundisha kusimama nyuma yangu ilikuwa ya silinda 4. Ilianza kufuka ndani ya wiki. Nikapima: 174, 175, 182, 176. Nikafurahi, nikasema ringi ni nzima, na hasa silinda ya 3. Nikabadilisha sili zote za valvu. Ikaendelea kufuka. Nilipoifungua, pistoni ya 3 ndiyo iliyokuwa na kosa. Ile springi nyembamba ya ringi ya oili, inayokaa katikati ya vibati viwili, ncha zake zilikuwa zimepandana badala ya kugusana uso kwa uso. Ringi ya oili haikuwa inakwangua kitu. Oili ilijaa juu ya pistoni, ikasaidia ringi za juu kubana, na geji ikanisomea psi 182.

Tangu siku hiyo silinda inayosoma juu kuliko wenzake naitilia shaka kama inayosoma chini. Kompresheni inapima ringi mbili za juu na valvu. Ringi ya tatu haimo.

Kipimo kizuri zaidi ni kusukuma hewa ya kompresa, psi 100, kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, kwa geji mbili zinazoonyesha kiasi kinachopotea. Chini ya asilimia 10 ni vizuri sana. Ikipita 20, tafuta. Tega sikio: mvumo kwenye mdomo wa oili ni ringi, kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingiza, kwenye ekzosi ni valvu ya kutoa, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi. Krenki inaweza kuzunguka ghafla hewa inapoingia, hivyo usiache spana kwenye boliti yake. Na ringi ya oili? Hata hapa haisemwi.

Kwa hiyo ukipata vipimo vizuri, PCV safi, moshi usiokoma na plagi iliyolowa kote, usiseme "ringi ni nzima". Sema "ringi ya oili haijapimwa".

Hatua ya 8: Sili za valvu bila kutoa hedi

Ushahidi ukielekea juu, sili hubadilishwa hedi ikiwa mahali pake, ilimradi unafika kwenye springi. Valvu huzuiwa zisidondoke kwa hewa ya kompresa, au kwa kamba: ingiza kamba safi kupitia tundu la plagi, acha ncha nje, kisha pandisha pistoni kwa mkono hadi kamba ibane valvu. Kabla ya kuvisha sili mpya, tikisa shina pande zote. Likicheza waziwazi, bushi imekwisha na sili mpya haitadumu.

Sili nyingi hufa siku ile ile zinapofungwa, kwa sababu mifereji ya kufuli kwenye ncha ya shina ni mikali kama wembe. Vika ncha hiyo kimfuko cha plastiki kinachokuja na seti, au hata kipande chembamba cha nailoni kilichopakwa oili, ndipo uteremshe sili. Wakati uko hapo, chungulia matundu ya kurudisha oili kwenye sampu. Silikoni iliyozidi huyaziba na oili ikatuama juu ya sili.

Hatua ya 9: Ukilazimika kufungua

Usioshe kitu kabla ya kutazama. Piga picha kila pistoni inavyotoka, maana mpangilio wa ringi ndio ushahidi wako. Angalia kwanza springi ya ringi ya oili. Nyingi hupakwa rangi mbili kwenye ncha zake: ukiona zote mbili, imekaa sawa, ukiona moja, zimepandana. Ringi ya pili tazama alama yake, nukta au herufi, kama inaelekea juu. Ikigeuzwa chini juu hupandisha oili badala ya kuikwangua. Mianya ya ringi isiwe imejipanga mstari mmoja.

Kisha pima mwanya wenyewe: ringi ndani ya silinda, imesukumwa na pistoni ili ilale sawa, na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya. Kanuni ya kawaida ya ringi ya juu kwa injini isiyo na turbo ni milimita 0.10 kwa kila milimita 25 za kipenyo, yaani karibu 0.34 kwa silinda ya milimita 86. Pima na silinda yenyewe juu, kati na chini, pande mbili, uone kama ni duara na kama imenyooka. Nafasi za beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) zikiwa kubwa mno, oili nyingi hurushwa ukutani kuliko ringi inavyoweza kukwangua.

Ukuta uliokuwa kioo unahitaji jiwe na ringi mpya. Baada ya jiwe, petroli na mafuta ya taa havisafishi. Hueneza unga wa jiwe ndani ya mabonde ya mistari. Tumia maji ya moto, sabuni na brashi ngumu, suuza, kausha, kisha pangusa kwa kitambaa cheupe chenye oili kidogo. Kikitoka na kijivu, rudi kwenye sabuni. Mimi huwa narudi mara tatu au nne kabla hakijatoka cheupe. Ndipo paka oili kuta papo hapo, kabla kutu haijazigusa, funga, jaza hadi alama ya juu na uandike upya kilomita za dashibodi.